Kabla Hujanunua Rimoti Nyingine: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Rimoti ya Redio ya Flashi

Mezani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, haupiti muda bila mtu kuniletea redio moja na rimoti tatu. Ya kwanza ilikataa, akanunua ya pili. Ya pili ikakataa, akanunua ya tatu. Nikizipima, mara nyingi nakuta ile ya kwanza ilikuwa nzima tangu mwanzo. Inaniuma, kwa sababu pesa hiyo ni ya mtu anayeamka alfajiri kukaanga mihogo barabarani.

Tatizo ni kwamba tunaanza kwa kununua badala ya kuanza kwa kupima. Ukibonyeza kitufe, amri yako inapita njia fupi sana: betri, kitufe, taa ya rimoti, hewa, jicho la redio (sehemu inayopokea mwanga wa rimoti), kisha bodi ya umeme iliyo ndani ya redio. Ukiifuata njia hiyo kwa mpangilio, utajua imekatikia wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Mwongozo huu ni wa redio ndogo zinazocheza flashi na memori kadi, spika za kubeba zenye bluetooth, na yale maboksi ya mbao ambayo mafundi wetu hufunga bodi ya MP3 na kuyaendesha kwa betri ya sola. Zote hizi kwa kawaida huja na rimoti nyembamba kama kadi, na hukosea kwa namna zinazofanana.

## Vitu vya kuandaa

Kwa hatua nne za mwanzo na ile ya sita unahitaji vitu ambavyo nyumba nyingi zinavyo au vinavyopatikana duka la jirani:

- Simu yenye kamera
- Rimoti nyingine unayojua inafanya kazi, ya televisheni au ya king'amuzi
- Betri mpya ya CR2025, ile bapa ya duara kama sarafu
- Spiriti safi ya dukani na pamba, au kijiti cha pamba cha masikio
- Kifutio cha penseli
- Penseli laini, 2B ikipatikana
- Kitambaa kikavu

Kwa hatua ya tano, ya saba na ya nane, ongeza bisibisi ndogo ya nyota, multimita (kipima umeme), chuma cha solda chenye ncha nyembamba na waya wa solda. Kama huna vitu hivi, fanya hatua ya kwanza hadi ya nne na ile ya sita, kisha umpelekee fundi ukiwa tayari unajua kosa liko upande gani. Hata hilo litakupunguzia gharama.

Neno kuhusu spiriti: usitumie waragi, ile pombe kali ya kwetu. Nimeletewa rimoti zilizosafishwa kwa waragi, zikanata na kufanya kutu, kwa sababu ndani yake kuna maji mengi. Dawa ya kutakasa mikono iliyo nzito kama uji pia haifai, inaacha utando.

## Onyo moja la kusoma kabla ya yote

Betri hii ya duara ni hatari kwa mtoto mdogo kuliko inavyoonekana. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili tu. Haijalishi kwamba "imekwisha": betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kuunguza.

Fanya kazi hii watoto wakiwa mbali. Betri ya zamani izungushie selotepu pande zote mbili mara tu unapoitoa. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe wala usingoje uone dalili. Mkimbize hospitali na uwaambie ni betri.

## Hatua ya 1: Hakikisha redio iko kwenye hali inayokubali amri

Anzia hapa hata kama unaona ni jambo dogo. Redio hizi zina hali kadhaa: flashi, memori kadi, redio ya FM, bluetooth na waya wa AUX. Kitufe kimoja kinaweza kuwa na kazi tofauti katika kila hali.

Ukiwa umechomeka waya wa AUX kutoka kwenye simu, kitufe cha wimbo unaofuata hakifanyi lolote. Muziki unatoka kwenye simu, na waya ule unabeba sauti peke yake, hauwezi kurudisha amri. Hapo rimoti itaongeza na kupunguza sauti tu. Ukiwa kwenye FM, kitufe hichohicho kinahamisha stesheni. Kwenye bluetooth, redio inapokea amri ya rimoti kisha inaipeleka kwa simu, na programu zingine za muziki huchelewa kuitika.

Fanya hivi: chomeka flashi yenye nyimbo unazojua zinacheza, toa waya wa AUX, zima bluetooth ya simu, na ucheze wimbo kwa kubonyeza vitufe vya redio yenyewe.

Umefaulu ikiwa: wimbo unacheza kutoka kwenye flashi, na vitufe vya redio vinabadilisha nyimbo. Kama hata vitufe vya redio havibadilishi, rimoti haina hatia. Kosa liko kwenye flashi au bodi.

## Hatua ya 2: Piga picha mwanga usioonekana

Hiki ndicho kipimo ninachotamani kila mtu akijue. Rimoti inazungumza kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Kamera ya simu inauona.

Kwanza jaribu kamera yako. Washa kamera, elekeza pua ya ile rimoti nzima ya televisheni kwenye lenzi, ukiwa umeiweka karibu, kisha bonyeza kitufe chochote. Utaona taa ndogo ikimeta rangi nyeupe yenye uzambarau. Usipoona kitu, geuza utumie kamera ya mbele. Simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi kwenye kamera ya nyuma, lakini ya mbele huwa hafifu zaidi na inaruhusu mwanga huo kupita. Usiruke jambo hili. Wengi hupima kwa kamera isiyoona, kisha wanahukumu rimoti imekufa.

Sasa shika rimoti ya redio yako. Kaa kivulini, bonyeza kitufe na uendelee kukishikilia. Tazama kwa makini: mwako wa kwanza huwa umejaa, kisha vinafuata vijimwako vyepesi vya haraka, karibu tisa kwa sekunde. Ndivyo rimoti nyingi za aina hii zinavyosema. Zinatuma amri nzima mara moja, halafu kila milisekunde 108 zinarudia ishara fupi kwamba bado umeshikilia.

Bonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja. Usitosheke na kile cha kuwasha tu.

Unachokiona ndicho kinachokupa njia:

- Hakuna mwanga kwenye kitufe chochote: nenda hatua ya 3, kisha ya 5.
- Mwanga upo lakini ni hafifu: nenda hatua ya 3, karibu hakika ni betri.
- Vitufe vingine vinawasha, vingine havina kitu: nenda hatua ya 4.
- Vyote vinawasha vizuri: rimoti yako ni nzima. Usinunue nyingine. Ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Betri, na makosa yanayofanywa na betri

Kama rimoti ni mpya kabisa, angalia kwanza kama kuna kipande cha plastiki angavu kinachochungulia mkiani. Kimewekwa kiwandani kuzuia betri isiishe ikiwa dukani. Kivute kitoke chote. Dada mmoja alitembea na rimoti wiki mbili akiwa amekikata kile kipande kwa mkasi kwa sababu kilimkera, na nusu yake ikabaki ndani ikiendelea kuzuia umeme.

Ili kutoa betri, geuza rimoti mgongo wake uwe juu. Mkiani kuna trei ndogo yenye ulimi pembeni. Sukuma ulimi kuelekea katikati kwa ukucha, na wakati huohuo vuta trei nje kwa kidole kingine. Ukivuta bila kusukuma ulimi, unavunjika, na baada ya hapo betri haitulii tena.

Soma namba iliyoandikwa kwenye betri. Rimoti nyingi za kadi hutumia CR2025. Namba yenyewe inajieleza: 20 ni kipenyo kwa milimita, 25 ni unene wa milimita 2.5. Muuzaji akikosa hiyo atakupa CR2032 na kukuambia ni sawa. Volti ni sawa, zote ni 3, lakini unene wa CR2032 ni milimita 3.2. Ukiilazimisha, unapanua trei na kukunja vile vyuma vyembamba vinavyoigusa. Leo itafanya kazi, lakini ukirudisha CR2025 siku nyingine itacheza ndani kama jino bovu.

Nunua iliyo kwenye pakiti isiyotobolewa. Zile zinazouzwa moja moja zikiwa zimemwagwa pamoja kwenye kopo zinagusana na kumaliziana nguvu. Wafanyabiashara wanaoleta mzigo kutoka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, huwa na pakiti kamili, waombe wakukatie moja ikiwa bado imefunikwa.

Kabla ya kuweka mpya, sugua taratibu vile vyuma viwili ndani ya rimoti kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae, kisha ufute kwa pamba yenye spiriti. Futa pia betri yenyewe kwa kitambaa kikavu, hasa kama umetoka kula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai), maana mafuta ya vidole yanatosha kudhoofisha mguso. Weka alama ya + ya betri itazame upande ule ule wa + iliyochorwa kwenye trei.

Kuna wanaoanika betri juani ili "ipate moto" au kuiweka kwenye chaja. Kwa betri hii usithubutu. Ni ya lithiamu na si ya kuchajiwa. Inaweza kuvimba na kupasuka.

Mwenye multimita apime: betri mpya husoma volti 3 na kidogo juu yake. Lakini usiiamini mita peke yake. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha karibu 3 ikiwa imekaa tu, kisha ikaanguka mara taa inapoiomba nguvu. Kamera ndiyo shahidi bora.

Umefaulu ikiwa: trei imeingia ikalia "ta" na kulingana na ukingo wa rimoti, na kamera inaonyesha mwako mkali.

Rimoti zinazotumia betri za vijiti zina shida yao: betri za bei rahisi huvuja na kula springi. Toa betri, kwangua ule ungaunga kwa msasa laini, futa kwa spiriti, na kama springi imekatika tafuta nyingine kwenye rimoti iliyokufa.

## Hatua ya 4: Vitufe vilivyokufa

Ikiwa kitufe cha sauti na cha wimbo unaofuata havina mwanga, lakini namba 7 na 9 zinawaka vizuri, umeme upo na taa ipo. Kilichokufa ni mguso chini ya vitufe unavyovitumia sana.

Rimoti ya vitufe vya mpira ni rahisi. Toa betri. Kama kuna skrubu, fungua. Kama haina, ingiza kadi ngumu ya plastiki kwenye mstari wa katikati na uizungushe taratibu mpaka vijino viachie. Usitumie kisu, kinavunja vijino na kukata mkono.

Ndani utaona karatasi ya mpira yenye vidoa vyeusi, na bodi yenye michoro kama vidole vilivyofumbatana. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe kabisa. Bodi ifute kwa spiriti. Usiguse ile michoro kwa msasa, maana rangi nyeusi iliyo juu yake ndiyo inayopitisha umeme, na ukiikwangua hairudi. Kidoa cheusi kilichofifia kipake penseli ya 2B kwa kuzungusha mara kadhaa. Ule weusi wa penseli unapitisha umeme. Dawa hii haidumu miaka, lakini itakupa miezi kadhaa.

Rimoti ya kadi ni ngumu zaidi, na sitakudanganya: uso wake ni stika iliyogandishwa juu ya bodi, na stika hiyo inakubali kubanduliwa mara moja tu. Fanya hivi ikiwa umeshakata tamaa nayo. Ipashe moto kwa chupa ya maji moto kwa dakika moja, inua kona upande wa mkiani, na ubandue polepole bila kuikunja. Mkunjo mmoja unatosha kuua safu nzima ya vitufe. Futa kwa spiriti, ngoja ikauke, rudisha ukianzia upande mmoja na kupitisha kidole mpaka mwingine.

Umefaulu ikiwa: kila kitufe kinawasha taa mbele ya kamera kwa mguso wa kawaida, bila kukikandamiza kwa ukucha.

## Hatua ya 5: Taa ya rimoti yenyewe

Betri ni mpya, vyuma vinang'aa, na bado hakuna mwanga kwenye kitufe chochote. Fungua rimoti utazame miguu miwili ya ile taa ya puani. Rimoti iliyoanguka mara nyingi hupasuka solda kwenye miguu hiyo. Kwa jicho utaona pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu. Igusishe chuma cha solda kwa sekunde mbili na kuongeza solda kidogo.

Taa ikiwa imeungua, toa moja kutoka rimoti iliyokufa ya televisheni. Mguu mrefu ni chanya, na upande uliokatwa bapa kwenye duara la taa ni hasi. Ukigeuza haitaungua papo hapo, lakini haitawaka.

Zaidi ya hapo, kwa rimoti ya kadi, sipotezi muda wangu wala wako. Nenda hatua ya 9.

## Hatua ya 6: Safisha njia kati ya rimoti na redio

Umefika hapa kwa sababu kamera imethibitisha rimoti inawaka. Sasa tazama redio.

Tafuta jicho. Kwenye bodi nyingi za MP3 limekaa karibu na skrini ndogo ya namba, nyuma ya kidirisha cheusi au chekundu kilichokolea. Usidhani ule weusi ni uchafu ukaanza kuukwangua: infraredi inapita humo vizuri. Kinachozuia ni vitu vingine.

Cha kwanza ni kitambaa. Nyumba nyingi kwetu redio inafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kizuri, chenye maua. Kinaning'inia mbele na kuziba jicho. Mama mmoja mzee alinieleza rimoti yake inafanya kazi Jumamosi tu. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akifua vitambaa.

Cha pili ni vumbi jekundu la barabara za murami, likichanganyika na mafuta ya jikoni. Futa kidirisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Wanaoishi kando ya ziwa, kuanzia Jinja mpaka Entebbe, watazame pia kama wale nzi wa ziwa hawakuingia kwenye tundu na kufia mbele ya jicho. Ni wadogo, ila kumi wakilundikana wanatosha kuwa ukuta.

Cha tatu ni mwanga. Jua limejaa infraredi, na redio ikiwa barazani mchana, jicho linakuwa kama mtu aliyemulikwa tochi usoni. Ingiza redio kivulini ujaribu tena. Taa za kuokoa umeme, zile za mirija iliyojisokota, nazo zina mpapatiko unaochanganya jicho. Jaribu ukiwa umeizima.

Simama mita mbili mbele ya redio, elekeza pua ya rimoti moja kwa moja, bonyeza.

Umefaulu ikiwa: redio inaitika mita mbili, kisha tano, kisha ukiwa umesimama pembeni kidogo. Ikiitika ukiwa karibu kabisa tu, rudi kwenye betri. Isipoitika hata kwa sentimita kumi, endelea.

## Hatua ya 7: Pima jicho kutoka ndani

Onyo: chomoa redio kwenye umeme wa nyumba na usubiri dakika chache. Ikiwa ina betri ya kuchaji ndani, usiiguse kwa bisibisi wala kuunganisha nyaya zake mbili, inatoa cheche na moto. Kama redio yako ina transfoma na umeme wa volti 240 unaingia mpaka ndani, na hujawahi kupima kitu kikiwa kimewashwa, hatua hii mwachie fundi. Maelezo yafuatayo ni ya bodi zinazotumia umeme mdogo wa betri, sola au waya wa USB.

Fungua uone jicho: kitu kidogo cheusi chenye uvimbe wa mviringo mbele na miguu mitatu. Mguu mmoja ni wa chanya, mmoja wa hasi, mmoja wa kutoa ishara. Kwa aina inayotumika sana, VS1838B, ukilitazama usoni miguu ikiwa chini, wa kushoto hutoa ishara, wa kati ni hasi, wa kulia ni chanya. Kuna aina nyingine zenye mpangilio tofauti, kwa hiyo hakikisha kwanza: redio ikiwa imezimwa, tafuta kwa multimita mguu uliounganika na hasi ya betri. Huo ndio hasi.

Washa redio. Mita ikae kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi.

Gusa mguu wa chanya. Unapaswa kuona volti 3.3 au 5, kulingana na bodi. Usipoona kitu, jicho halina umeme, na kosa liko kwenye njia ya bodi.

Gusa mguu wa ishara bila kubonyeza rimoti. Utasoma karibu sawa na chanya. Sasa mtu akubonyezee rimoti mfululizo mbele ya jicho. Namba itatikisika na kushuka kidogo, kwa sababu jicho huvuta mguu huu chini kila linapoona mwanga unaopapatika mara 38,000 kwa sekunde, na huo ndio mpapatiko wa rimoti.

Hapa ndipo fumbo linafumbuka. Rimoti umeshaithibitisha kwa kamera. Basi:

- Umeme upo, namba haitikisiki kabisa: jicho limekufa. Nenda hatua ya 8.
- Namba inatikisika, redio haifanyi kitu: jicho linasikia vizuri ila bodi haielewi lugha ya rimoti hiyo. Una rimoti isiyo yake. Nenda hatua ya 9.

## Hatua ya 8: Badilisha jicho

Jicho jipya ni kitu cha bei ndogo, na ukiwa na televisheni iliyokufa unaweza kulitoa humo. Hakikisha tu miguu inalingana na ya zamani. Ukiweka chanya mahali pa hasi, jicho hupata moto na kufa ndani ya sekunde chache.

Zima redio na utenganishe betri. Usihangaike kulinasua jicho la zamani likiwa zima. Likate miguu kwa koleo ndogo, kisha uondoe kila kijiti kilichobaki kimoja kimoja kwa chuma cha solda. Ukivuta vyote vitatu kwa pamoja utang'oa njia za shaba kwenye bodi, na hiyo ni kazi kubwa kuirudisha.

Ingiza jipya likiwa na kimo kilekile, uvimbe ukitazama kidirisha. Gusa kila mguu si zaidi ya sekunde tatu. Kagua kwa mwanga mkali kama solda haijaunganisha miguu miwili.

Umefaulu ikiwa: unawasha redio, jicho linabaki baridi ukiligusa kwa kidole, na wimbo unaruka ukibonyeza. Funga skrubu baada ya kuona hivyo, si kabla.

## Hatua ya 9: Kuchagua rimoti ambayo redio yako itaielewa

Rimoti nyingi za redio hizi hutumia lugha iitwayo NEC. Kila ukibonyeza, inatuma jina la kifaa, kisha namba ya kitufe, na kila kimoja kinatumwa mara mbili, mara ya pili kikiwa kimegeuzwa ili redio ihakikishe haikusikia vibaya. Jina lisipolingana, redio inanyamaza kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani.

Habari njema ni kwamba viwanda vingi vimetumia jina lilelile kwenye rimoti za kadi zenye vitufe 21, safu saba za vitufe vitatu. Ndiyo maana rimoti ya redio ya jirani huendesha yako.

Ila kuna mtego. Kinachotumwa kinategemea kitufe kimekaa wapi kwenye kadi, na stika ya juu inachapishwa kwa mitindo tofauti. Kitufe cha kwanza cha safu ya pili kwenye kadi moja kimeandikwa cha kucheza na kusimamisha, kwenye kadi nyingine mahali hapohapo pameandikwa cha kurudi wimbo uliopita. Namba inayotumwa ni ileile. Mnunuzi anabonyeza "cheza", redio inarudi nyuma, anasema rimoti ni mbovu na kuirudisha dukani.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba redio yako pamoja na flashi. Hesabu vitufe vya rimoti ya zamani na safu zake, tafuta yenye mpangilio uleule, kisha ijaribu palepale kwa mwenye duka kabla ya kulipa. Bonyeza kila kitufe na usikilize redio inafanya nini. Ikiwa inaitika ila kwa kazi zilizobadilishana, hiyo ni rimoti yako. Ikiwa haiitiki kitufe hata kimoja, jina halilingani, jaribu nyingine.

Mwenye simu ya Redmi Note au nyingine yenye taa ya infraredi juu ya ukingo wake anaweza kuitumia pia. Fungua programu ya rimoti iliyomo, chagua kifaa cha sauti, na upitie moja moja mpaka redio iitike. Na kama muziki wako wote uko kwenye simu na unacheza kwa bluetooth, simu yenyewe imeshakuwa rimoti, na haihitaji hata kuelekezwa kwenye jicho.

Ukishapata kadi inayoitika, kata vipande vidogo vya selotepu ya karatasi, ubandike juu ya vitufe vilivyobadilishana na uandike kazi halisi kwa kalamu. Yule dada wa mihogo ameandika kwake kwa Kiswahili: "mbele", "nyuma", "nyamaza". Mwanawe wa miaka sita anaisoma na kuitumia.